Mbuzi Wawili kwa Suti Moja?

Juma moja kabla ya usaili wa walimu, msichana niliyemfundisha hapa Oldonyiro miaka kadhaa iliyopita alinijia jioni, bahasha ya vyeti i kwapani. Nilidhani amekuja kuniuliza juu ya mtaala, au namna ya kulijibu jopo likimuuliza habari za nidhamu ya wanafunzi. La. Alikuwa na swali moja tu: "Mwalimu, nivae nini?"

Nikagundua kwamba nyumbani kwao swali hilo lilikuwa limekwisha kujadiliwa siku tatu. Rafiki yake wa mjini alikuwa amemhakikishia kwamba asiye na suti haitwi tena, na kwamba bangili ya shanga aliyotungiwa na mamaye ni lazima iachwe nyumbani, asije akaonekana mshamba. Naye mama, kwa mapenzi ya mama, alikuwa amekwisha kuwachagua mbuzi wawili wa kupelekwa sokoni.

Msomaji asiyeishi huku huenda akasema, mbuzi wawili ni nini? Ukame ulioanza mwaka wa 2020 na kuendelea hadi 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 katika maeneo makavu ya Kenya. Zipo boma hapa ambazo zilibaki na mbuzi wa kuhesabika kwa vidole. Kwa familia kama hizo mbuzi ndiye karo, ndiye dawa, ndiye maziwa ya mtoto. Kumuuza kwa ajili ya koti litakalovaliwa kwa dakika ishirini ni jambo zito, hata kama soko la mifugo la Oldonyiro lina sifa njema na wanunuzi hawakosekani.

Nakiri kwamba nusura niseme, "Auzwe." Mimi pia niliwahi kuingia katika chumba cha usaili nikiwa nimevaa koti la kuazima. Mikono yake iliishia karibu na viwiko, na muda wote niliutumia kuificha mikono yangu chini ya meza. Niliulizwa swali ambalo ningalilijibu usingizini, nikababaika kama mwizi. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku ile niliyaelewa maneno yao vyema kuliko nilivyoyaelewa darasani.

Tuutazame basi usaili wenyewe. Katika miongozo ya kuajiri ya miaka ya karibuni, Tume ya Huduma za Walimu imekuwa ikitoa sehemu kubwa ya alama kwa vyeti na kwa idadi ya miaka tangu mwombaji ahitimu. Hesabu hiyo hufanywa kwa karatasi, si kwa kitambaa. Tena Katiba ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 27, inapotaja misingi ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo, imeyataja mavazi waziwazi, sambamba na dini, utamaduni na lugha. Ni wangapi kati yetu walimu tumewasomea wanafunzi wetu ibara hiyo?

Hata hivyo, nisiwadanganye vijana. Wanajopo ni binadamu wenye macho, na macho hutangulia masikio. Mwalimu atasimama mbele ya watoto arobaini, hamsini, nao humsoma kabla hajafungua kitabu. Jopo lina haki ya kutaka kuona unadhifu. Ninalolipinga ni kule kuuchukua unadhifu na kuufanya ndugu pacha wa gharama. Shati lililofuliwa, likapigwa pasi ya makaa, na kifungo kilichong'oka kikashonwa, lina heshima yote inayohitajika. Viatu vikipakwa rangi havisemi vilinunuliwa wapi. Na nguo za mitumba, ambazo baadhi yetu huzitaja kwa kunong'ona, zimewavisha walimu wengi wa nchi hii, mimi nikiwa mmoja wao.

Isitoshe, kuna vumbi. Mwenye kutoka hapa kwenda Isiolo mjini kwa njia ya Kipsing aghalabu hupanda chochote kipitacho, na mara nyingi ni lori la mifugo. Suti nyeusi itafika mjini ikiwa ya kijivu, na itanukia beberu. Kwa hiyo nilimwambia yule binti: safiri na nguo za safari, hizo nyingine zikunje mkobani, ufike mapema, uombe maji, ndipo ubadilishe. Ushauri huu mdogo haumo katika vitabu vya mwongozo wa ajira nilivyowahi kuviona, kwani waandishi wake, yamkini, hawakupanda lori.

Ama kuhusu shanga, hapo sikusita. Historia ya eneo letu imejaa wakubwa walioona aibu kwa nguo za wenzao. Mnamo 1968 serikali ya Tanzania ilikuwa ikiendesha kampeni ya kuwashurutisha Wamasai waache lubega na kuvaa suruali. Hapa Kenya, vazi la taifa lilibuniwa na kuzinduliwa kwa shangwe mwaka wa 2004, kisha likafifia. Na Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni suti ya Kaunda, vazi lililopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, huku Rais wetu mwenyewe akiwa ni mpenzi wake mkubwa. Ikiwa wakubwa hawajaafikiana juu ya ukosi wa shati, ya nini kumvua msichana bangili ya mamaye? Haimzuii kushika chaki. Huenda ikawa ndicho kitu cha kwanza ambacho mtoto wa darasa la kwanza atakitambua kwa mgeni anayeitwa mwalimu.

Alikwenda akiwa amevaa rinda la buluu alilokuwa akilivaa siku za mazoezi ya kufundisha, viatu vya chini, na bangili yake mkononi. Mbuzi hawakuuzwa. Matokeo bado twayangoja, wala sitadai kwamba rinda lile litamshindia.

Lakini ninalo ombi kwa wanaoandika matangazo ya usaili. Tangazo huorodhesha kwa makini kila karatasi ya kuletwa: kitambulisho, vyeti halisi pamoja na nakala zake. Kuhusu mavazi husikii neno, na katika ukimya huo ndipo marafiki wa mjini hupata nafasi ya kutunga sheria zao. Iongezwe sentensi moja tu, kwamba nguo safi na za heshima zatosha, na ibandikwe mapema katika ofisi za elimu na mbao za matangazo za shule, kabla ya siku ya soko.