Ndege ya mtumba: Rangi mpya isimpumbaze mnunuzi

Mnunuzi wa ndege ndogo ya mtumba hutazama kwanza saa za injini, kisha rangi. Hapo ndipo hasara huanzia. Injini iliyochoka hufumuliwa ikatengenezwa upya. Mhimili wa bawa ukipasuka, mtaji umekwenda, na pengine roho za watu.

Aprili 4, 2018, ndege ya mafunzo aina ya Piper PA-28R iling'oka bawa la kushoto angani huko Daytona Beach, Marekani. Wote wawili waliokuwemo walikufa. Ufa ulikuwa mahali ambapo macho matupu hayafiki.

Kwa hiyo vitabu vya kumbukumbu visomwe tangu ndege ilipotoka kiwandani. Kurasa zikikosekana, bei ishuke au mnunuzi aondoke. Ribiti zilizolegea na bati lililokunjamana zitolewe maelezo. Katika Cessna 182, ukuta ulio nyuma ya injini hujikunja gurudumu la mbele likibamizwa wakati wa kutua.

Fundi mwenye leseni alipwe na mnunuzi, si muuzaji, tena kabla ya kutoa arbuni. Muuzaji anayekataa ukaguzi amekwisha kujibu swali.