TAARIFA YA TAWI: CHUNGU CHETU NA NDOO YA MCHINA



Ndoo za plastiki na sufuria kutoka China ziko kila gulio, hata Lyulilo siku ya Jumamosi, pale pale mama zetu wanaposhusha vyungu kwenye mitumbwi. Wapo wanaosema ufinyanzi wa Wakisi umekwisha. Hatukubaliani nao.

Tazameni China kwenyewe. Jingdezhen ni mji wa wafinyanzi kwa zaidi ya miaka 1,000. Miaka ya 1990 viwanda vyake vikubwa vya serikali vilianguka, watu wakakosa kazi. Leo vijana wanaacha miji mikubwa na kuhamia huko kufinyanga, wanauza vikombe mubashara kwa simu. Wenye plastiki yao wanarudi kwenye udongo!

Udongo tunao. Simu tunazo, hata kama mtandao husumbua. Shida ni mtaji, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Tunataka wafinyanzi wa Ikombe waunde vikundi na kuomba. Vijana wa kiume nanyi msione aibu, udongo hauchagui mkono.

Katibu wa Tawi anapokea majina hadi Jumamosi, kabla mitumbwi haijaondoka.