Nyekundu Si Dawa ya Kila Boliti

Pikipiki inayopanda Kyarumba, magharibi mwa Uganda, kuchukua kahawa, ikateremka hadi lami ya Bwera na kumalizia safari mpakani Mpondwe, hutikisika kutwa nzima. Keria ndiyo inayoumia kwanza, kisha gadi ya mbele, vioo na kishikio cha simu. Ndiyo maana kichupa cha gundi ya kufungia boliti kimeingia kwenye masanduku ya spana ya mafundi. Wengi huiita Loctite hata kama imetoka kampuni nyingine. Shida ni maneno yanayouzwa pamoja na kichupa hicho. Mengi yake si kweli, na hasara humwangukia mwendesha boda.

Neno linalosikika zaidi ni kwamba gundi nyekundu ndiyo bora kwa kuwa ndiyo kali. Ukali wake haubishaniwi. Lakini gundi ya namna hiyo imetengenezwa kwa boliti ambazo hazitarajiwi kufunguliwa tena, na watengenezaji wenyewe hushauri kuipasha joto la nyuzi 250 hivi ndipo iachie. Sasa fikiria boliti ya milimita 6 chini ya tangi la petroli la Boxer, karibu na nyaya na mipira. Nani atapeleka moto pale? Fundi wa kando ya barabara atatumia anachokijua, yaani bomba refu kwenye mkia wa spana, na kichwa cha boliti kitakatika. Hapo zinaanza gharama za kutoboa, kuchomelea na kukata meno upya, na siku ya kazi imekwisha. Keria hufunguliwa kila inapopasuka, na kioo hufunguliwa kila pikipiki inapoanguka. Vitu vya namna hiyo vinataka gundi ya nguvu ya kati, ambayo kwa Loctite huwa ya buluu: inashikilia dhidi ya mtikisiko, na bado spana ya kawaida inaifungua. Mafundi wa bunduki hufikiri vivyo hivyo wanapofunga darubini ya kulengea. Skrubu zile ni ndogo, darubini haivumilii moto, kwa hiyo huchagua buluu au iliyo dhaifu zaidi ya hapo.

Tena rangi yenyewe si sheria. Hakuna kinacholazimisha kila kampuni kufuata rangi za Loctite, na buluu ya mtengenezaji mmoja inaweza kutofautiana nguvu na buluu ya mwingine. Soma maandishi ya kichupa. Kama hakuna maandishi yanayotaja nguvu yake, mimi nisingekinunua.

Wengine husema gundi haihitajiki kabisa, washa ya springi inatosha. Hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu mafundi wengi wazuri wanaliamini, na wamefundishwa hivyo. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha majaribio yaliyobadilisha namna wahandisi wanavyolitazama suala hili. Alionyesha kwamba kinachofungua nati hasa ni vipande vilivyobanwa kuteleza upande kwa upande. Kila vinapoteleza, msuguano kwenye meno hupotea kwa kitambo kidogo, na nati huzunguka yenyewe, nywele kwa nywele. Washa ya springi ikishakazwa hulala bapa, na tangu hapo kazi yake haipiti ya washa ya kawaida. Gunia la kahawa juu ya keria huyumba kushoto na kulia kwenye kila kona ya mlima, nao huo ndio mwendo aliouchunguza Junker. Gundi husaidia kwa sababu hujaza nafasi kati ya meno ya boliti na ya nati, yasipate pa kucheza.

Nati yenye pete ya nailoni ni jambo jingine, hiyo ni nzuri. Palipo na nafasi ya kuweka nati, iweke, mradi iwe mbali na joto la eksozi. Lakini boliti nyingi za keria huingia moja kwa moja kwenye fremu, ndani ya meno yaliyochomelewa hapo, na hakuna nati ya kubadilisha. Gundi ina kazi kubwa zaidi mahali kama hapo.

Kuna wanaosema supagluu ni kitu kilekile kwa bei nafuu. Si kitu kimoja. Supagluu hukauka kwa unyevu wa hewani, kisha huwa kavu ya kukatika: mshtuko wa mashimo huipasua, na joto la injini huilegeza.

Gundi ya boliti hufanya kinyume, na hapa ndipo ushauri wa kuipaka na kuiacha juani ikauke kabla ya kukaza unapopotea. Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Trinity College, Hartford, Marekani, aliitengeneza mwaka 1953 kutokana na kimiminika ambacho hubaki maji kikiwa na hewa na huganda kikikosa hewa huku kikigusa chuma. Ukiipaka na kuianika, unaiweka katika hali ile ile inayoizuia isigande. Paka, ingiza boliti, kaza mara moja. Kwenye chuma cha kawaida hushika ndani ya dakika kadhaa, na hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 24 hivi. Kwa hiyo fanya kazi hiyo jioni, pikipiki ilale. Boliti ya chuma kisichoshika kutu, ile inayong'aa, huchukua muda mrefu zaidi.

Sababu hiyohiyo inajibu lawama kwamba kichupa kisichojaa kimepunjwa. Hakikupunjwa. Hewa iliyo ndani ndiyo inayoizuia gundi isigeuke jiwe kabla hujainunua.

Kuhusu kupaka nyingi: tone moja au mawili yanatosha boliti ya keria. Iliyozidi hutiririka nje, na ikifika kwenye plastiki ya taa au indiketa inaweza kuipasua.

Lipo dai moja lenye ukweli ndani yake, kwamba gundi huzuia kutu. Wanaobeba chumvi ya Katwe wanajua jinsi boliti zinavyoliwa. Meno yaliyojazwa gundi hayapitishi maji ya chumvi kwa urahisi, na boliti iliyopakwa buluu mara nyingi hufunguka vizuri kuliko iliyoachwa wazi ikashika kutu. Lakini haikilindi kichwa cha boliti kilicho nje, wala haifufui meno yaliyokwisha kuliwa. Meno yakiisha, badilisha boliti.

La mwisho ndilo la hatari zaidi: kwamba ukishapaka gundi, huna haja ya kukaza sana wala kukagua. Kinachoshikilia keria ni mkazo wa boliti, gundi inaulinda tu mkazo huo usipotee. Penye pini ya kufungia, kama kwenye baadhi ya sehemu za breki ya nyuma, gundi haichukui nafasi ya pini. Na kabla ya yote, meno yawe safi: brashi ya waya, kisha spiriti, si petroli inayoacha mafuta. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilicho chini yake, uutazame kila asubuhi. Ukikuta mstari umeachana, kuongeza tone la buluu juu yake hakusaidii. Fungua, kwangua gundi ya zamani, safisha, paka upya, kaza.