Msiifute Migomba

Imeenea miongoni mwa vijana waliorejea kwenye kamera za mkanda itikadi kwamba lenzi njema ni ile yenye tundu kubwa kuliko zote. Hutafutwa kwa udi na uvumba, hulipiwa fedha ambazo zingenunua mikanda ya miezi, na sifa yake kuu ni moja: uso hung'ara, na kilicho nyuma yake huyeyuka. Itikadi hii naipinga, na mahali pa kuipingia ni Bukoba na Muleba.

Huko Kagera mtu hasimami mbele ya mandhari. Husimama mbele ya kibanja chake: migomba, mibuni chini ya migomba, na mara nyingi makaburi ya wazee humo humo, kwani Wahaya kwa desturi huzika wafu wao kibanjani. Mpige bibi wa Kamachumu picha kwa Helios ya milimita 58, tundu namba 2 (namba ikipungua, tundu hupanuka), kwa umbali wa mita 2: kitakachoonekana barabara hakizidi kina cha sentimita 15. Macho yatasomeka, ukoo utafutika. Enyi wapenzi wa ushairi, ni sawa na kuusoma ubeti kwa vina vya mwisho peke yake, vya kati mkavimeza.

Wala si suala la ladha tu. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulibainika Muleba, na mashina yaliyougua yakang'olewa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliangusha nyumba Bukoba na kwingineko mkoani. Nani atawaonyesha wajukuu ukuta ulisimama wapi, ikiwa kila picha ya nyumbani ni uso mmoja na ukungu wa kijani? Sisi wa visiwani tunaujua Mji Mkongwe wa zamani kwa sababu Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, hakuona haya kuziacha barabara na milango ndani ya picha.

Basi nunueni kilichodharauliwa. Zenit na Praktica nyingi za miaka ya 1970, pamoja na Pentax Spotmatic, hufungwa lenzi kwa parafujo ya milimita 42, hivyo ya hii hukaa kwenye ile. Tafuteni ya milimita 28 au 35, tundu lake namba 2.8 au 3.5. Mir-1 ya Kirusi, ya milimita 37, ilipata tuzo kuu Brussels mwaka 1958; si kitu cha kuonewa aibu. Na ile ya 28, ukiifunga kwenye namba 8 na kuielekeza mita 3 na ushei, huonyesha yote tangu chini ya mita 2 hadi upeo wa ziwa.

Watasema, mwanga je? Bukoba iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Kwa mkanda wa kasi 100, jua la saa tano linataka namba 8 na 1/500 ya sekunde. Kivulini mwa migomba, 1/60. Tundu kubwa la kazi gani? Ngoma za usiku, nakubali. Lakini wangapi kati yenu hupiga usiku?

Cha kuogopwa ni koga. Hewa ya Ziwa Viktoria, kama hii yetu, hulea nyuzi mfano wa utando wa buibui ndani ya kioo. Fungueni tundu lote, mulikeni kwa tochi kutoka nyuma. Mkiziona, rudisheni, hata kama bei ni ya sufuria. Vumbi kidogo halidhuru. Mafuta yaliyoganda kwenye majani ya tundu hudhuru, maana hayatafunga tena kwa wakati.

Fedha itakayosalia iende kwenye mikanda na kusafisha picha, nakala mbili kila moja: yenu na ya mwenye kibanja. Naye, kabla ya kuuangalia uso wake, atataka kujua kama mgomba ule wa kushoto umeingia.