Matembezi bila bisi ya kukodi



Kila mwaka masomo yakikaribia kwisha, madarasa yanaanza kusema juu ya matembezi, na kila mwaka maneno yanakufa pale pale: gari. Eti pasipo bisi ya kukodi hakuna matembezi. Watu wanahesabu makuta, wanaona hayatoshi, basi wanakaa. Sisi wa darasa la tano tunaona hesabu hiyo imeanza vibaya. Uvira ni mji mwembamba kama mkanda. Magharibi ni mlima wa Mitumba, mashariki ni ziwa, na katikati inapita barabara kubwa moja, ile namba 5, inayotoka Bukavu na Kamanyola, ikapita mjini, ikashuka Kalundu na kuendelea mpaka Baraka na Fizi. Taksi na moto zinapita juu yake mchana kutwa. Kupotea hapa ni kazi ngumu: ukiona maji, huko ni mashariki, kwisha.

Shauri letu la kwanza ni hili: asubuhi pandeni gari kwenda mbali, kisha rudini kwa miguu. Wengi wanafanya kinyume. Wanatembea kwenda, na jioni wamechoka, magari yamejaa, shofere anaona vumbi ku miguu yao na bei inapanda. Lakini ukirudi kwa miguu, kila hatua inakuleta karibu na nyumbani, na mwenzenu akishindwa njiani atapanda moto kwa bei ndogo kuliko ile ya asubuhi. Ulizeni bei mbele ya kupanda, si mkiisha kushuka.

Upande wa kusini, shukeni Kigongo na kurudi Kalundu. Huko mlima umesogea sana karibu na maji, barabara imebaki na nafasi ndogo tu. Ziwa linakuwa mkono wa kuume, mitumbwi imevutwa juu ya mchanga, na ndagala zimeanikwa kama wavuvi walivua usiku. Kama ni siku za mwezi mkubwa, msishangae kuona nyavu zimekaa bure: ndagala hufuata taa, na mwezi ukiangaza, taa ya mvuvi haina nguvu. Tembeeni mstari mmoja, magari makubwa hayana huruma. Na ku Kalundu msitoe picha, ni bandari.

Upande wa kaskazini kuna Kiliba na mashamba ya miwa. Ni njia ya tambarare na jua lake ni kali, hatuisifu sana kwa uzuri. Lakini wazee wanaosema "wakati wa sukari" wanasema juu ya pale, na kiwanda kilichosimama mwaka 1996, vita vilipofika, ni somo ambalo kitabu cha historia hakitoi. Mbele yake kidogo ni Sange, ambapo tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilianguka na kuwaka, wakafa watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Mwenye kufika huko apite kwa heshima.

Sasa tuseme juu ya njia tunayoipenda zaidi, nayo haihitaji hata gari kwa anayekaa katikati ya mji. Ni kupanda kando ya mto Mulongwe. Anza ku kilalo, fuata mto kwenda juu, nyumba zinapungua, mashamba ya mihogo yanaanza, na hapo geuka nyuma. Ziwa lote la kaskazini liko chini yako. Ng'ambo ni Bujumbura na milima ya Burundi, na mkono wa kushoto bonde la Ruzizi limetandikwa kama mkeka. Maswali yaliyosumbua wazungu wakubwa yako pale mbele ya macho. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani, pengine ndio mwanzo wa Nile. Watu wa hapa waliwaambia kwamba unaingia. Ilipashwa Livingstone na Stanley waje kwa mtumbwi toka Ujiji, Novemba 1871, ili Bulaya waamini jambo ambalo kila mvuvi alilijua.

Tunajifunza kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1.470 kule kusini, na uso wake uko karibu mita 770 juu ya bahari. Tunaandika, tunapata pointi, tunasahau. Ukisimama juu ya Mulongwe na kufanya hesabu, unaona ya kwamba chini kabisa ya ziwa hilo ni kama mita 700 chini ya bahari, na nyuma yako mlima unapanda kupita mita 3.000. Hapo jeografia inakuwa kitu.

Lakini si kwa uzuri tu. Maji ya bomba tunayokunywa mjini Regideso inayachota katika mto huu. Ni mto huu pia, pamoja na Kalimabenge na Kavimvira, uliotushukia usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaanguka. Ziwa nalo lilipanda mwaka uliofuata, na tena 2024, likaingia nyumba za pwani. Watu husema ni mvua tu. Nendeni juu mkatazame: mteremko usio na mti hata mmoja, udongo uliokatwa, mawe makubwa kama meza yaliyoletwa na maji mpaka kati ya kartiye, na ukuta mpya uliojengwa palepale mto ulipopita. Sisi ndio tutakaojenga kesho. Mwanafunzi aliyeona mahali hapo hataomba kiwanja ndani ya njia ya mto, hata kama ni cha bei rahisi.

Wazazi watasema: na usalama? Hatuwacheki. Desemba 2025 vita viliingia mjini kwetu na watu maelfu wakavuka kwenda Burundi, wengine kati yetu wakiwa na godoro kichwani. Hofu hiyo ina sababu. Kwa hiyo tunasema wazi: siku moja mbele tuulize wakubwa wa kartiye, na wakikataa tunakaa. Hatupiti mashamba ya mwisho. Tunakwenda na walimu wawili, wanaume kwa wanawake, maana wasichana wanapashwa kutoka nao, si kubaki kupika. Ku midomo ya Ruzizi hatwendi hata kidogo: kuna viboko na mamba, na ni mpaka. Lakini kukaa ndani siku zote nako kuna bei yake. Kuna wenzetu wa Kimanga ambao hawajafika Kavimvira, nao wanaweza kutaja mito ya Ufaransa kwa mpango.

Juu ya wakati: kiangazi moshi wa nyasi unafunika ng'ambo, huoni kitu. Wakati wa mvua kubwa mbingu ni safi lakini mto ni adui. Tunachagua mwisho wa Mei. Jua linatoka Burundi na kupiga mlima usoni, basi tupande mapema, na kisha jioni mlima wenyewe unaanza kutupa kivuli.

Tunamwomba Prefe atupe siku moja ya posho. Darasa la tano liko tayari, na la nne wakipenda waje. Kukutana ni ku kilalo cha Mulongwe saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu na bidoni yake ya maji yaliyochemshwa (ya ziwa au ya mto msinywe, kolera tunaijua), mihogo au mkate, na viatu vilivyofungwa. Majina mpe kapita wa darasa. Asiye na kofia aazime.