Tarishi Asipewe Ufunguo wa Nyumba

Kwa miaka mingi shule na ofisi za Nairobi zimepokea barua zake kwa njia ya masanduku ya posta. Mwalimu mkuu wa Kangemi au Kawangware hakwenda mwenyewe Posta Kuu, wala posta ya Westlands. Alimtuma tarishi, naye tarishi alikabidhiwa ufunguo mmoja tu, wa sanduku la shule. Hakuna aliyempa pia ufunguo wa kabati la fedha na wa nyumba yake ya Kabete, eti kwa sababu zote zimo katika kishada kimoja.

Hilo ndilo tunalolifanya leo katika vyuo vyetu, tena bila wasiwasi. Programu nyingi ambazo taasisi huziweka kwenye seva zake zenyewe zina uwezo wa kusoma barua pepe ziingiazo. Mfano ulio karibu na walimu ni Moodle, programu ya masomo iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa 2002. Mwanafunzi aliye ndani ya matatu ya Uthiru aweza kujibu mjadala wa darasa kwa barua pepe tu, na jibu lake likatokea ukumbini bila yeye kufungua tovuti. Ni huduma njema, hasa kwa asiye na pesa za data. Ili kuitimiza, programu hupewa anwani ya sanduku na neno la siri, kisha ikawa inapita kuchukua barua kama tarishi.

Swali ni hili: sanduku la nani? Katika idara zaidi ya moja ambazo sitazitaja, jibu ni sanduku la mkuu wa idara mwenyewe, kwa kuwa lilikuwapo tayari. Neno lake la siri huhifadhiwa kwenye seva, na yeyote afikaye huko, hata fundi aliyekwisha kuacha kazi, aweza kusoma matokeo ambayo hayajapitishwa, barua za daktari za wanafunzi, na maombi ya kuwabadilishia watu maneno yao ya siri kwingineko.

Hapa naiona lugha nayo ina lawama. Tunaposema "neno la siri" tunawaza watu wawili wanaoaminiana, kila mmoja akilificha moyoni. Programu haina moyo. Ikipewa neno hulihifadhi mahali. "Nywila" nalo ni fupi, lakini halimwonyeshi mwanafunzi kitu. Darasani ningependelea "ufunguo", kwa maana kila mtoto ajua kwamba ufunguo hunakiliwa, hupotea, na kwamba kufuli yaweza kubadilishwa.

Kwa hiyo programu na iwe na sanduku lake peke yake, lisilopokea barua ya mtu yeyote binafsi. Iunganishwe kwa njia iliyosimbwa, ambayo kwa kawaida ni lango namba 993, na fundi asizime ukaguzi wa cheti cha seva ili "mambo yaende". Lango 143 bila usimbaji ni sawa na kadi ya posta isiyo na bahasha. Microsoft ilianza Oktoba 2022 kukataa neno la siri tupu katika masanduku ya taasisi, na Google ikafuata. Badala yake programu hupewa hati ya ruhusa kwa utaratibu uitwao OAuth, ambayo mwenye sanduku aweza kuifuta bila kubadilisha neno lake. Hata hivyo hati hiyo bado husoma sanduku zima. Ndiyo maana sanduku la pekee halikwepeki. Aidha, jina la mtumaji hughushiwa kwa urahisi. Moodle hutia alama ya ukaguzi katika anwani ya kujibia, na yaweza kulinganisha anwani ya mtumaji na ya mwanafunzi. Ukaguzi huo usizimwe.

Wapo watakaosema haya ni ya mafundi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haisemi hivyo: kifungu cha 41 chaitaka taasisi yenyewe ijenge ulinzi tangu mwanzo, na uvujaji wenye hatari uarifiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000. Shauri lilihusu picha za watoto zilizotangazwa bila idhini ya wazazi, si barua. Lakini aliyetozwa ni shule, si aliyeshika kamera.

Basi mwalimu asiyejua kompyuta amwulize fundi wake, kwa Kiswahili chepesi: sanduku hili ni la nani, barua zapita katika njia iliyosimbwa au wazi, na siku utakapoondoka ufunguo utafutwa na nani?