UCHAMBUZI: Elimu ya saratani adimu isiishie mijini

MJI wa Mackinnon Road, Kaunti ya Kwale, ulipata jina lake kutokana na barabara iliyokatwa karne ya 19 kutoka pwani kuelekea bara. Leo reli na barabara kuu ya Mombasa-Nairobi zinapita hapo, lakini mzazi ambaye mwanawe anaugua saratani isiyo ya kawaida angali mbali na daktari bingwa.

Barani Ulaya, saratani huitwa adimu iwapo wagonjwa wapya ni chini ya sita kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hata hivyo, zikijumlishwa, aina hizo hupita moja kwa tano ya visa vyote vya saratani barani humo.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mnamo 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto. Ugonjwa huo ni nadra duniani, ila huonekana zaidi kwenye malaria nyingi, Pwani ya Kenya ikiwamo. Uvimbe hukua kwa kasi mno, lakini mtoto akifikishwa hospitalini mapema, dawa huweza kumponya. Hatari ni kuudhania jino bovu, wiki zikapotea.

Vivyo hivyo kwa retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto. Weupe katika mboni, ambao pengine huonekana kwanza kwenye picha ya simu, wahitaji uchunguzi wa haraka.

Ni bayana, basi, kwamba elimu ya wataalamu kupitia intaneti si anasa. Mradi wa ECHO, ulioanza 2003 jimboni New Mexico, Marekani, kwa ajili ya homa ya ini aina ya C, ulionyesha kuwa bingwa anaweza kuwaelekeza wahudumu wa mashambani kwa video, na mgonjwa akatibiwa karibu na kwake.

Tatizo ni kwamba mafunzo mengi hutolewa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na huhitaji mtandao usiokatika. Je, mama Mduruma wa Kinango atafaidika vipi?

Njia ipo. Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliokabidhiwa vifaa pamoja na simu. Mabingwa waandae mafunzo mafupi kwa Kiswahili na Kiduruma, yanayoweza kuhifadhiwa simuni na kusikilizwa pasipo mtandao. Aidha, picha za wagonjwa zilindwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Lakini elimu pekee haitoshi. Mzazi anayefunzwa dalili ilhali hana nauli ya kufika Mombasa wala Nairobi, ametwishwa hofu tu. Kaunti na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, zishirikiane kuhakikisha kwamba anayetambuliwa mapema anatibiwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.